Maoni Nambari Kumi na Saba

Ukumbi wa kanisa, Chavakali, Jumanne ya mvua.
Mimi ndiye karani. Kazi yangu ni kufupisha.
Wa kwanza alitaka kalavati, wa pili taa ya sokoni,
wa tano akasimama akataka kalavati ileile,
nikaandika: kama hapo juu.

Kisha Kageha Mideva, mponda kokoto wa Mungoma,
vumbi la mawe bado limemkaa kwenye nyusi
kama unga wa mtu aliyeitwa akiwa anasaga.
Mwenyekiti akagusa saa yake: Mama, dakika mbili.
Hakuja na hotuba. Alikuja na daftari la shule,
jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia.
Akatia kidole mate, akasoma.

"Machi, tarehe nne. Mama na mtoto mgongoni, saa nane za usiku.
Dawa ya maumivu, ishirini. Pikipiki hadi hospitali, mia mbili.
Fomu ya polisi ni ya bure,
fotokopi kumi, chai ya afande hamsini.
Machi, kumi na moja. Msichana. Hataki kusema jina.
Sodo. Kandambili. Maji ya moto sikuyahesabu.
Aprili: nimeuza madebe arobaini, nimenunua godoro.
Aprili tena: godoro halitoshi, wanalala kwa zamu."

Hapo ukumbi ulicheka kidogo.
Alingoja wamalize, kama anayengoja lori lipite
ndipo avuke.

"Kitabu chenu cha bajeti nimekisoma, mjukuu akinitafsiria.
Kuna fungu la maua ya langoni.
Kuna fungu la chai ya wageni, na la kukarabati
kile kiti kinachozunguka.
Nikatafuta fungu la anayekimbia peku usiku.
Nikakuta kistari. Si hata sifuri. Kistari,
kama mtu alianza kuandika akaitwa kula.
Tangu utotoni nasikia habari za fungu la kukosa,
nikadhani mgawaji ni Mungu.
Kumbe ni kamati."

Mama, akasema mwenyekiti, na hakusema kwa ubaya,
hayo ni mambo ya ndani ya nyumba.

"Hata moto huanzia jikoni.
Na gari la zimamoto mmelinunua."

Dakika mbili zilikuwa zimekwisha zamani.
Mvua ikazidi juu ya mabati, watu wakasogeza viti.
Basi sema, mama, unaomba kiasi gani?
Hilo hakuwa amejiandaa nalo. Nilimwona
akifungua kurasa kinyumenyume, haraka,
miaka kumi na tisa ikipita chini ya kidole chake,
mpaka ukurasa wa kwanza, uliogeuka rangi ya chai.

"Sijui jumla. Nianze na deni la kwanza.
Agosti. Mama, mkono umevunjika,
na kijana wa miaka sita, amekojolea mkeka.
Sabuni ya mche, kipande, shilingi tano.
Mama alisema atarudisha."

Mkeka ulikuwa na mistari myekundu.
Hilo halikuwa daftarini.
Uji ulikuwa wa wimbi, kikombe kilikuwa cha bati,
na aliyenifulia kaptura hakuuliza kitu,
aliianika nyuma ya nyumba
ili njiani isionekane.

Karani, umeandika?
Naandika, mheshimiwa.

Mwongozo unasema mstari mmoja kwa kila maoni.
Niliandika kurasa tatu. Niliandika kandambili,
niliandika chai ya afande na fotokopi,
niliandika zamu, na kicheko cha ukumbi nikakiandika.
Kwenye safu ya kiasi kinachoombwa,
pale ambapo mkono umezoea kupiga kistari,
niliandika: shilingi tano, na kuendelea.

Alikuwa ameketi tayari, anafuta matope kwenye viatu.
Hakunitambua. Ningemtazama vipi
bila kurudi kuwa na miaka sita?

Wa kumi na nane akasimama.
Alitaka kalavati.