Krenki Mbili Mezani

Nilitoka zamu ya usiku moja kwa moja,
mikono ingali na harufu ya dawa ya kutakatisha,
nikaikanyaga theluji ya South Bend hadi kwa Orval Kintner,
mfukoni dola mia tisa na arobaini
nilizozidunduliza kwenye kopo la kahawa tangu Juni.

Mezani, juu ya gazeti la juzi, zililala krenki mbili.

"Hii ya kusubu," alisema Orval,
"chuma kilimiminwa kama uji kwenye mchanga, kikapoa.
Ilitoka kwenye lori la maziwa. Mia na ishirini.
Nyingine ni ya kufua:
ilipondwa ikiwa nyekundu mpaka ikakubali kupinda.
Mwenyewe alikuwa akishindana Jumapili. Mia saba."

Akanionyesha mshono. Wa kusubu mwembamba, uzi wa cherehani.
Wa kufua mpana, kidole gumba kinalala juu yake.

Nilikuwa nimekwisha kuchagua kabla sijafunga mlango.
Miaka kumi na mmoja nafua mashuka ya hospitali,
damu ya watu, matapishi ya watu,
na katika kufua huko kote sijafua dafu.
Nilitaka ile ya kufua. Nilitaka kulitamka neno
penye taa nyekundu ya barabara ya Western, Ijumaa usiku,
kijana wa Mustang akishusha kioo kuuliza
ndani ya Nova ya marehemu kaka yangu mna nini.

Orval hakuuliza nina pesa ngapi.
"Utaizungusha mara ngapi kwa dakika?"
Elfu tano na mia tano. Nikikasirika, elfu sita.
"Turbo?" Sina.
"Mashindano?" Taa hadi taa.
Alicheka kwa pua, akazining'iniza kwa kamba mojamoja,
akazigonga kwa kinyundo cha shaba.
Ya lori ilisema kifupi, kama kijiko kwenye kikombe.
Ya kufua ikalia, ikalia,
hata mbwa wake akainuka chini ya benchi.
"Zote hazina ufa," alisema. "Chagua mwenyewe, Ilona."

Nikavua glavu.
Nikafanya ninalolifanya kazini bila kufikiri:
nikapitisha ukucha penye kona,
pale shingo ya chuma inapokutana na bega lake.
Shuka halichaniki katikati.
Waulize wanaokunja mia nne kwa usiku mmoja.
Huchanika penye kunjo, na kunjo kali ndilo huanza.

Ya lori, kona zake zilikuwa za mviringo;
ukucha uliteleza kama ndani ya bakuli.
Ya kufua, shingo ya tatu, ukucha ulikwama.
Fundi fulani aliichonga upya kwa haraka
akaacha pembe, pembe ya sanduku.

"Hapa," nikasema.
Orval akavaa miwani. Akaleta kipimo. Akakaa kimya
muda wa kutosha hita kuzima na kuwaka tena.
"Nakuuzia mia nne," alisema, akiangalia dirisha.

Mia nne! Neno lote kwa mia nne.
Sitasema sikutamani.

Nikahesabu: krenki, mia na ishirini.
Beringi mpya, themanini na tano.
Mia mbili na hamsini kuisawazisha na pistoni na konrodi
mpaka gramu zipatane.
Kinachobaki ni gasketi, oili,
na kodi ya nyumba ambayo sikumwambia.

Foleni ya kusawazisha ni hadi Machi;
sikutaka ilale kwake.
Niliiviringisha katika shuka lililofutwa daftarini,
muhuri wa wodi ya wazazi ungalipo pembeni,
nikailaza kiti cha mbele, nikaifunga mkanda.
Kila kona niliishika kwa mkono wa kulia.

Taa ya Western ilikuwa nyekundu.
Saa mbili asubuhi, theluji, hapakuwa na wa kuuliza.
Nikashusha kioo hata hivyo.
"Ya lori la maziwa," nikasema.