Donge

Bahasha ilifika Jumanne, stempu ya Torino,
mwandiko wa Bonaria, herufi zimeinama
kama watu wanaopanda mlima wakipigwa na upepo.
Ndani hamna barua.
Hamna hata "ndugu yangu Efisio."
Magamba tu, membamba, rangi ya kucha za mzee,
yanayokatika ukiyagusa.

Nikanusa. Nikajua.
Chachu ya kwetu Orune,
ile iliyokuwa ikilala chini ya blanketi
katika bakuli la udongo lenye ufa,
ikiazimwa nyumba hadi nyumba
na kurudi na kinyunya cha shukrani juu yake.

Miaka kumi na mmoja hatujasemezana.
Nyumba ya mama. Mimi nauza, yeye hataki,
mambo yakachacha.
(Niseme tu: niliuza bila kumngoja.)

Magamba kumi nikayatia kwenye gilasi.
Maji ya bomba nilikuwa nimeyalaza sufuriani usiku kucha
dawa yake iruke,
nikayapasha yakawa kama ya kumwogeshea mtoto mchanga.
Yakalainika shingo upande.
Unga, vijiko viwili. Koroga.
Mpira wa kufungia noti nikauvisha gilasi
pale uji ulipoishia.

Siku ya kwanza, kimya.
Siku ya pili, povu, vurugu, harufu ya soksi za mgodini,
na soksi za mgodini nazijua, miaka ishirini na sita Iglesias.
Nikamwita jirani aje aone.
Bachisio akachungulia, akavuta pua:
"Hiyo ni kelele. Uhai bado."
Siku ya tatu ikanywea.
Juu maji ya kijivu, chini tope.

Mwaga nusu, lisha nusu.
Hapo ndipo paliponishinda.
Mimi ni mtu wa kulamba sahani,
wa kunyoosha misumari iliyopinda nikaitumia tena.
Kumwaga nusu ya kitu kilichosafiri kutoka Torino!
Lakini usipomwaga, cha zamani kinakula kipya,
na wote wanalala njaa.
Nikamwaga. Nikalisha.
Kesho yake nikamwaga tena, macho nimeyaelekeza dirishani.

Siku ya saba, saa kumi alfajiri,
niliamka kwa ajili ya kibofu, si kwa imani,
nikaikuta imeupita mpira kwa vidole viwili,
imevimba mgongo, ina matundu ubavuni,
inanukia tofaa lililosahauliwa mfukoni mwa koti.
Nikadondosha tone katika bakuli la maji.
Likaelea.
Nikakaa kitini na fulana yangu iliyotoboka
nikalia, si sana.

Mkate wa kwanza ulikuwa jiwe.
Bachisio aliutafuna kwa heshima mpaka jino la bandia likang'oka.
Wa pili ulikuwa mkate.

Siku hizi inaishi jokofuni, nyuma ya jibini.
Kila Ijumaa naitoa, naipunguza, nailisha,
naiacha mezani ipate joto la watu
kisha nairudisha baridini.
Nikichelewa inanuna, inatoa maji meusi juu.
Nikiirudia, inaumuka
bila kuniuliza nilikuwa wapi.

Juzi nilitandaza kijiko kimoja kwenye karatasi,
chembamba, uso wa mwezi mchanga,
nikakiweka dirishani siku mbili, nikakivunjavunja.
Magamba.
Nikaandika anwani. Nikashika kalamu, nikaiweka,
nikaishika.
Kooni kulikuwa na donge
ambalo halijui maji wala unga.

Hatimaye niliandika mistari miwili,
ya kwanza anaijua tangu utotoni:

Maji yasiwe ya moto.
Nusu ni yako.