Risiti ya Bunyonyi

Imekunjwa mara nne, ina doa la mchuzi.
Siku tatu, vyumba viwili,
kamba wa ziwani, boti ya kukodi.
Mlipaji: kampuni ya lami.

Mheshimiwa Bitariho hakukana.
"Hisani haiozi," alisema redioni,
"nikaribishwe mezani ninawe mikono niondoke?"
Mtangazaji akacheka naye.

Niliandika. Kabale nzima ikasoma,
wauza viazi wakafungia magazeti,
na barabara ya Rubaya ikabaki na mashimo yake,
maji ya mvua yamelala humo kama ndama.

Ila lipo nisiloliandika.
Siku ile ya kukata utepe, nyuma ya turubai,
kijana wa kampuni alitugawia bahasha.
"Nauli tu, dada."
Elfu hamsini. Mimi nilikuja kwa miguu.
Nikatia sahihi daftarini:
Orishaba Peninah, mwandishi, nambari ya simu.
Nikanywa soda yao. Nikaomba ya pili.

Daftari lile liko kabati gani, sijui.
Leo mhariri ananisifu mbele ya wenzangu,
simu inaita, nambari ngeni,
naiacha iite.
Hisani haiozi.