Usitulie

Miaka kumi na mmoja katika studio yangu ya Majengo
neno langu kwa wateja ni moja: tulia.
Kidevu juu. Usipepese. Tulia.
Pazia la bluu nyuma, picha nne za pasipoti,
na hata kichanga alijifunza kwangu
ugumu wa jiwe.

Jumamosi hii niko Ntyuka, nimelala kifudifudi
kati ya mawe na miba ya migunga.
Upepo wa Julai unanipaka vumbi jekundu hadi menoni.
Kule juu Ndahani anapiga mluzi:
wanakuja.

Wa kwanza alikuwa Mbeleje.
Nikamwona, nikabofya, akapita.
Kwenye kioo: jiwe. Jiwe zuri sana,
unahesabu kila chembe,
na pembeni ukungu wa shati la kijani.
Wa pili, wa tatu, ukungu, ukungu.
Na mkono wangu ulikuwa umetulia
kama nilivyowafundisha watu.

Nikakaa. Nikanywa maji ya dumu, yamepata moto.
Nikamkumbuka shangazi akipepeta uwele:
hakungoja upepo usimame,
kiuno chake kilikwenda nao.

Basi nikasimama, miguu nikaitanua,
viwiko nikavibana mbavuni,
na kasi ya shata, usinicheke, nikaipunguza:
sekunde moja nikaikata vipande sitini,
nikaomba kimoja.

Mluzi.
Nyemo huyo! Na baiskeli ile ile
inayobeba madumu manne siku za kazi,
keria imeng'olewa, kengele imefungwa kitambaa.
Nikamdaka kwenye lenzi tangu kule kichakani,
nikageuka naye,
akiinama nainama,
gurudumu lilipoachana na ardhi nikabofya
na sikuacha kugeuka
hata alipokwisha kupita.

Jicho moja, kali kama ncha ya mwiba.
Jasho juu ya mdomo. Jino la mbele lililomeguka.
Spoki zimekuwa sahani ya mwanga,
na Ntyuka yote, mawe kwa mizabibu,
imevutika mistari mistari
kama uji unaokorogwa.

Jumatatu mama yake alikuja kuichukua.
Akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akakawia nayo.
"Mlima mbona umeuharibu?"
Nikamwambia: mama, mlima ndio uliokuwa unakimbia.
Hakuafiki.
Akalipa, akapiga hatua mbili, akarudi.
"Na hili jino," akasema,
"limemeguka lini?"