Mfuko Namba Kumi na Saba

Nilichimba mashimo thelathini na sita
kutoka ukingo wa bwawa la Hombolo
kupanda hadi mwisho wa mashamba ya zabibu,
kwa keekee niliyoazima idarani
na nauli niliyomkopa shemeji.

Sentimita ishirini. Arobaini. Sitini,
pale chuma kilipogota kwenye tabaka gumu
kikalia kama jino linalokataa kung'oka.
Udongo wa juu mwekundu, wa kati kahawia,
wa chini una unga mweupe
kama midomo ya mtoto aliyeiba maziwa ya kopo.

Yudita Chilongani alinikuta nimepiga magoti shambani mwake.
"Mbukwa! Unatafuta dhahabu?"
"Chumvi, mama."
Akacheka hadi akaegemea jembe.
"Si ungeniuliza! Safu hizi nne zimekufa mwaka juzi,
majani yanaungua ukingoni
utadhani mtu kayapitishia kiberiti.
Chumvi ninayo ya kugawa."

Nikachota nusu kilo ya ardhi yake,
nikaandika kwa wino: kumi na saba.

Sasa niseme lile ambalo tasnifu haikusema.
Siku ya kurudi, nyuma ya bodaboda,
karibu na Ihumwa, dumu la maji lilipasuka
likalowesha kiroba kizima.
Mifuko thelathini na minne ilisomeka.
Miwili ilibaki na doa la buluu tu:
kumi na saba,
na ishirini na tisa, wa yule bwana wa juu
asiyemwagilia, anayelima uwele na kungoja mvua.

Niliinusa. Niliiinua kwenye taa ya hosteli.
Nililamba, ndiyo, msimamizi asisikie,
lakini ulimi wangu ulilelewa kwa chumvi ya pakiti:
huu ulikuwa udongo, na ule ulikuwa udongo.
Saa saba usiku nikachagua.
Huu wewe. Ule wewe.

Wiki mbili mashine ya maabara ilikuwa mbovu.
Ilipopona ikasema:
kumi na saba, hakuna chumvi ya kutisha;
ishirini na tisa, chumvi tele.
Juu kule! Kwenye uwele usioonja maji ya bwawa!

Nilijua. Kidole kilikuwa juu ya kibonye,
kubadilisha namba mbili, nani angejua?
Lakini tulifundishwa: ukishaliona jibu
usirudi nyuma kulirekebisha swali.
Nikajiita mwaminifu, nikaacha.
Kumbe uaminifu ule ulikuwa uvivu
uliovaa koti jeupe,
maana kuandika mstari mmoja,
"mifuko hii miwili siijui,"
kulikuwa bure kabisa.

Nilipata B ya juu. Shemeji alichinja kuku.
Nakala moja ilifika ofisi ya kata,
na afisa ugani, kijana msomaji,
akawasomea wakulima jedwali langu
siku ya kugawa jasi ya kutibu mashamba.
Yudita alisimama kwenye foleni na gunia tupu.
"Wewe humo, mama. Wako mzima. Utafiti umesema."

Nimepata habari hii kwa simu, Jumanne,
nikiwa nanunua vocha.

Leo nimerudi na keekee ileile,
bila barua ya chuo, bila fomu.
Mizabibu kaing'oa; kapanda mtama,
nao umesimama mfupi, umekunja uso.
Nikamweleza yote nikiangalia viatu vyangu.
Hakucheka safari hii. Hakunigombeza pia.
Alikwenda nyuma ya jiko akarudi
na kipande cha bati na msumari,
akachuna mwenyewe, taratibu, kwa herufi za darasa la nne:
YUDITA. SHIMO LA KWANZA.

"Hii maji hayaifuti," akasema.
"Chimba."

Nachimba.
Majibu bado.