Simu Tatu Thelujini

Nilikuwa na wiki sita tu kazini
na sifa za simu nimezikariri kama sala:
kamera nne, ya usiku na ya mbali,
kioo kisichokwaruzika,
gigabaiti mia mbili na zaidi,
uso wako ndio ufunguo.
Nilizimwaga zote kwa pumzi moja,
na yule mama akaningoja nimalize
kama mtu angojaye treni ipite
ndipo avuke reli.

Kitambulisho kilisema Dolgorsuren.
Alitoka Zavkhan, usiku kucha ndani ya basi,
na pesa za sufu ya mbuzi
amezificha kwenye buti la kushoto.

"Hii inatoa picha safi sana," nikamwambia.
"Picha za nini?"
Nikababaika. "Za wajukuu."
"Wajukuu wako Seoul. Wao ndio watakaonipiga mimi."

Akaichukua, akaipima kiganjani,
akaigonga mgongo kwa ukucha,
akaiweka sikioni nayo imezimwa.
"Farasi," akasema, "humfungua mdomo ukahesabu meno.
Hii meno yake yako wapi?"

Nani auze mbuzi kwenye gunia
kwa mwenye mbuzi mia mbili?

Akauliza nje leo ni nyuzi ngapi.
Thelathini na nne, nikasema, chini ya sifuri.
"Vizuri. Zitoe nje."

Bosi wangu, Purevdorj, akakohoa nyuma ya kaunta,
lakini duka lilikuwa tupu tangu asubuhi
na lile buti alikuwa ameliona.
Basi nikafungua dirisha la ghorofa ya pili,
moshi wa makaa ya mawe ukaingia kwanza,
nikazilaza tatu juu ya theluji ya kizingiti,
zote zinawaka, zote na picha ileile ya kiwandani:
machungwa yaliyokatwa, yanayochuruzika maji,
katika mji ambao Januari
hata mate hayafiki chini yakiwa mate.

Tukasimama nyuma ya kioo, tunatazama.

Ya bei kubwa ilizimika dakika ya kumi na moja.
Asilimia sitini na mbili, kisha giza,
bila hata kuaga.
Ya pili ilijikaza hadi ya kumi na tisa.

Hapo katikati, bila kunigeukia, akasema:
"Mwaka juzi Choijil alitoka kufuata kondoo.
Simu yake ilikuwa na asilimia arobaini."
Nikangoja aendelee.
Akatazama saa ya ukutani.

Ya tatu ilikuwa nene kama mche wa sabuni,
tuliyoisukumia rafu ya chini
kwa sababu inaharibu sura ya duka.
Nusu saa ilipotimia, machungwa yake bado yanang'aa.
Mama akatoa kichwa dirishani,
mikono ndani ya glavu za ngozi ya kondoo,
akaibonyeza kwa pua.
Ikaitika.

"Kuna nyeusi na kuna nyekundu," nikasema,
na kwa mara ya kwanza siku hiyo sikuongeza neno.
"Nyekundu," akasema. "Ikianguka ionekane."

Akavua buti. Akahesabu mara mbili.
Kifuniko cha bure alikikataa,
akaomba apunguziwe bei ya kile kifuniko,
na Purevdorj, sijui kwa nini, akampunguzia.

Kesho yake akaja mwanafunzi wa chuo,
nywele zimelazwa kwa mafuta,
akauliza kamera ina megapikseli ngapi.
Nikamjibu vizuri, nikamwonyesha mwezi uliokuzwa.
Ilikuwa haki yake kuuliza.

Alipoondoka nikaenda dirishani.
Theluji mpya haikuwa imeshuka.
Alama tatu bado zilikuwepo kizingitini,
mbili hafifu, kama bahasha zilizowekwa zikaondolewa,
na moja iliyozama,
kingo zake zimeyeyuka zikaganda tena,
pale joto lilipokaa muda mrefu zaidi.