Kutoa Upepo

Pasua, saa tatu asubuhi. Mlima umejifunika,
na Fundi Kiondo anachungulia kikopo cha klachi
kama mtu aliyeambiwa kisima kimekauka, hataki kuamini.
Hasemi kitu. Anachovya kidole,
anakipangusa kwenye gazeti la juzi:
doa linatambaa juu ya matokeo ya mpira,
jeusi, zito, lina punje punje.

"Mama Aikande, haya yalipaswa kuwa kama chai ya rangi,
tena iliyochujwa mara mbili. Huu ni wino.
Mipira ya ndani inajitafuna,
na inachotema ndicho hiki."

Gari lako, Elinami.
Pijo ya kahawa ya misimu mitatu,
uliyoiosha kila Jumamosi, wewe
ambaye hukuwahi kuosha kikombe.
Ulisema klachi yake inaujua mguu mmoja tu.
Nami nikakaa kushoto miaka ishirini na sita,
mkoba mapajani,
nikihesabu gia kwa sikio.

Kiondo yuko chini ya gari, naona soli za viatu vyake.
"Kanyaga!" Nakanyaga.
"Tena! Tena! Shikilia hapo!"
Spana inalia kwenye nipo,
mrija unatapika ndani ya chupa ya soda,
povu, weusi, povu.
"Achia."
Pedali inarudi polepole,
kama mtoto aliyeitwa kwa jina lake lote.

"Kuna kitu kingine humu," sauti inatoka chini.
"Kinaelea, hakichanganyiki.
Nani aliongeza mafuta yasiyo ya breki?"

Nimeshikilia.

Usiku ule wa Aprili, kifua chako kikipiga mluzi,
mwenye bodaboda hapokei simu,
matope ya Kibosho yamekula njia,
na klachi imekwenda sakafuni ikakataa kurudi.
Nikafungua boneti kwa tochi ya simu. Kikopo kikavu.
Nikaingia ndani, nikaipita cherehani,
nikasimama,
nikairudia.
Kile kichupa changu, mdomo mwembamba kama wa ndege chozi,
kinachotoa tone moja kwa gauni zima:
nilikikamua chote.
Nikakanyaga mpaka paja likatetemeka,
mpaka pedali ikapata moyo.
Ya kwanza na ya pili tu, hadi KCMC,
wewe kushoto, mahali pangu,
ukinong'ona, "Taratibu, utaivunja."

Miezi minane uliishi baada ya hapo
ukiwalaani mafundi wa mji mzima.
Klachi yangu wameifanya nini?
Ukaikanyaga mara mbili kwa kila gia,
mara tatu kwenye mteremko,
nami nikashona.
Nikasema labda ni mvua.

"Umesikia, mama? Mipira yote imevimba kama maandazi!
Aliyeweka haya ni muuaji."
"Nimesikia. Mipya ni shilingi ngapi?"

Kimya chini ya gari.
Ananusa, nadhani. Mkewe hushonea kwangu;
sare za kwaya za wanawe zilitoka nyumbani kwangu
na harufu hiyo hiyo kwenye pindo.
"Shikilia," anasema,
kwa sauti ya chini kuliko ile ya mwanzo.

Alasiri, mipira mipya imekaa,
mrija ukaanza kubadilika:
kahawia, kisha asali,
kisha rangi ambayo sina kitambaa chake.
Mapovu mawili. Moja.
"Upepo umeisha," akasema, akajifuta mikono
kwenye lile gazeti, upande usio na doa.
Chupa ya weusi akaiweka ukutani, hakuniuliza niimwage wapi.

Raba ya pedali imelika upande wa kidole gumba chako.
Mguu wangu mdogo, unaogelea humo.
Nikapita mjini, nikapita KCMC bila kugeuza shingo,
na kwenye mpando wa Kibosho
gia ya pili ikaingia kama uzi uliolambwa.

Kushoto ulikuwapo mkoba.
Nikaweka ya tatu.